Hotuba ya Halmashauri ya Elimu Katika Mkutano Mkuu wa Mwaka: Juu ya Mitihani Ihesabiwayo na Vyuo vya Marekani



Tumeagizwa na Halmashauri Kuu tusimame mbele yenu mwaka huu tena kutoa habari za mfuko wa elimu. Hesabu zenyewe mtazisoma katika kurasa za Mweka Hazina, nasi hatutazirudia. Tumeona afadhali wakati tuliopewa tuutumie kwa jambo moja tu, ambalo wazazi wengi wametuuliza, na ambalo laweza kuziokoa fedha nyingi za chama hiki au kuzipoteza. Jambo hilo ni mitihani ile aifanyayo mtoto kabla ya kuingia chuo cha Marekani, au hata akiwa amekwisha kuingia, na chuo kikamhesabia kana kwamba ameyasoma masomo yale darasani.

Kila mwaka barua za namna moja hutufikia. Mzazi huandika ya kwamba mwanawe amepata nafasi katika chuo fulani, na ameambiwa na rafiki zake kuwa akifanya mitihani mitatu au minne atapunguziwa mwaka mzima wa karo. Basi aomba chama kimlipie ada ya mitihani hiyo. Ombi kama hilo ni la haki, wala halmashauri haikatai kulisikiliza. Lakini haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au la mpaka yajulikane mambo kadhaa, nayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza.

Wazee wetu wengi walisoma, au waliwasomesha watoto wao, kwa utaratibu wa Kiingereza, ambao mtu hufanya mtihani mmoja mkubwa mwisho wa miaka yake ya masomo, na huo ndio uamuao kila kitu. Wamarekani hawaendi hivyo. Kwao shahada hujengwa kidogo kidogo, na kila kipande kina hesabu yake, nayo huitwa krediti. Krediti moja ni takriban saa moja ya darasa kila juma kwa muhula wa majuma 15 au karibu na hapo, pamoja na saa mbili za kujisomea. Somo la kawaida huwa na krediti 3, na somo la sayansi lenye kazi za maabara mara nyingi huwa na 4. Shahada ya kwanza kwa kawaida yahitaji krediti 120. Kwa hiyo mwanafunzi asomaye krediti 15 kila muhula humaliza kwa mihula 8, yaani miaka 4. Viko vyuo vigawavyo mwaka kwa robo, navyo huhesabu 180 badala ya 120, lakini maana ni ile ile.

Kipimo hiki kina asili ya ajabu kidogo. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa fedha za kuwalipa pensheni walimu wa vyuo. Waliosimamia fedha hizo wakasema kwamba chuo kitakachotaka walimu wake wapate pensheni, sharti kikubali kuyapima masomo ya shule za sekondari kwa saa za darasa. Desturi ya kuhesabu saa ikaenea, ikaingia na vyuoni. Ndiyo kusema kipimo kiamuacho leo karo ya watoto wetu kilikulia katika hesabu ya pensheni za maprofesa.

Basi ikiwa elimu yahesabiwa kwa vipande, ni lazima mtu aulize: je, aliyekwisha kulijua somo kwa njia nyingine alipe tena na akae tena darasani? Swali hili liliulizwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliporudi makwao wakiwa wamejifunza ufundi na hesabu na lugha jeshini. Baraza liitwalo American Council on Education, lililoanzishwa mwaka 1918, likajitwika kazi ya kuyachunguza mafunzo hayo na kuvishauri vyuo kiasi cha krediti kinachofaa kutolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 swali likarudi kwa sura nyingine: shule na vyuo viliona kwamba vijana hodari hurudia katika mwaka wa kwanza wa chuo yale yale waliyosoma katika mwaka wa mwisho wa shule. Kwa fedha za Ford Foundation uchunguzi ukafanywa, na mwaka 1955 shirika la College Board, ambalo limekuwako tangu 1900, likaichukua kazi hiyo. Mwaka 1956 mitihani ya kwanza ya Advanced Placement, ijulikanayo kwa herufi AP, ikafanywa katika masomo 11. Mwaka 1967 shirika lile lile likaanzisha mitihani ya pili, iitwayo CLEP, kwa ajili ya watu wazima waliojifunza kazini au kwa kujisomea wenyewe.

Twaomba wazazi waishike tofauti ya mitihani hii miwili, maana huchanganywa sana. AP ni mtihani wa mtoto aliye shuleni. Hufanywa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Mei, katika masomo yanayokaribia 40, na matokeo hutoka kwa alama 1 mpaka 5. Alama 3 huhesabiwa kuwa yatosha, 4 ni njema na 5 ni bora. Ina maswali ya kuchagua jibu na maswali ya kuandika, na yale ya kuandika husahihishwa na maelfu ya walimu wa vyuo na wa shule wanaokusanywa kwa kazi hiyo. CLEP waweza kufanywa mwaka mzima. Una masomo 34, karibu yote kwa dakika 90, na alama zake huanzia 20 na kuishia 80. Baraza tulilolitaja lashauri kwamba mwenye 50 apewe krediti. Hapo wazazi wengi hukosea: 50 hiyo si nusu ya maswali wala si asilimia 50, bali ni alama ya kipimo maalumu, sawasawa na kiwango cha mwanafunzi wa chuo aliyelipita somo lile bila kung'ara. Aliyeshindwa hungoja miezi mitatu kabla ya kurudia mtihani huo huo. Ada ya CLEP ni karibu dola 100, na kituo chaweza kuongeza malipo yake. Ada ya AP ni karibu na hapo kwa walio Marekani, na kwa walio nje huzidi.

Kando ya hiyo iko mitihani ambayo haitoi krediti, ijapokuwa viko vyuo vinavyoitaka kabla mtoto hajaingia. SAT, iliyoanza mwaka 1926, na TOEFL, iliyoanza mwaka 1964, ni ya kufungulia mlango tu. Tumepata kuombwa ada ya TOEFL kwa maelezo kwamba itapunguza mwaka wa masomo. Haipunguzi hata siku moja.

Na vyeti vyetu wenyewe je? Hapa yafaa tuseme waziwazi, kwa kuwa wako wazazi wanaoshikilia yaliyokuwa zamani. Aliyemaliza kidato cha sita katika utaratibu wa zamani na kwenda Marekani na cheti cha masomo ya juu aliweza kuhesabiwa sehemu ya mwaka wa kwanza, kwa sababu masomo yale yalilinganishwa na mwanzo wa chuo. Mtihani huo wa kidato cha sita ulifanywa Kenya kwa mara ya mwisho mwaka 1989, na mwaka huo huo ndipo KCSE ilipofanywa kwa mara ya kwanza. Vyuo vya Marekani kwa kawaida huiona KCSE kuwa cheti cha kumaliza sekondari: hufungua mlango, wala haiongezi krediti. Kwa hiyo baba aliyepewa krediti kwa masomo yake matatu ya kidato cha sita asimwahidi mwanawe jambo hilo hilo kwa KCSE, hata ikiwa ni alama A tupu. Watoto wasomao katika shule za Nairobi na Mombasa zifuatazo A-level ya Uingereza, au zile za International Baccalaureate, hali yao ni nyingine. Vyuo vingi huwahesabia, na kwa Baccalaureate ile hutazamwa zaidi masomo ya daraja la juu yaliyopata 5 au zaidi kati ya 7.

Sasa twaingia katika kiini cha maneno yetu. Ni nani aamuaye? Wengi wadhani kuna wizara huko Washington iamuayo, kama vile hapa kwetu tulivyozoea kuitazama Serikali. Hakuna. College Board hutunga mtihani na kutoa alama. American Council on Education hutoa ushauri. Chuo chenyewe ndicho kitoacho krediti au kukataa, na ndani ya chuo mara nyingi ni idara ya somo lile ndiyo yenye neno, halafu msajili huandika walivyosema. Alama 4 ya historia yaweza kuwa krediti 6 katika chuo kimoja, 3 katika cha pili, na sifuri katika cha tatu kilicho ng'ambo ya mto. Na uamuzi hubadilika mwaka kwa mwaka, kwa hiyo jedwali la zamani alilolipata jirani halimfai mtoto anayeingia sasa.

Majimbo mengine yamejaribu kuweka utaratibu kwa vyuo vyao vya umma. Illinois ilipitisha sheria mwaka 2015, ikaanza kazi katika mwaka wa masomo wa 2016 na 2017, kwamba alama 3 au zaidi katika AP ipewe krediti katika vyuo vya umma vya jimbo hilo. Texas nayo ina sheria ya namna hiyo. Lakini isomeni sheria ya Illinois mpaka mwisho, mtaona kwamba imekiachia kila chuo kiamue krediti hiyo ni ya nini: ya somo kuu la mwanafunzi, au ya masomo ya jumla yanayotakiwa kwa wote, au ya masomo ya hiari. Hapo ndipo penye shimo, na watoto wetu wametumbukia humo.

Tueleze. Krediti 120 za shahada si rundo moja tu. Sehemu moja ni masomo ya jumla, kama uandishi wa Kiingereza, hesabu, sayansi na historia. Sehemu ya pili ni somo kuu, tuseme uhasibu au uuguzi, ambalo lina masomo yake kwa mpango wake, hili kabla ya lile. Kinachobaki ndicho cha hiari. Mtoto akipewa krediti 15 kwa mitihani, zote zikaingizwa katika hiari, na somo lake kuu halina nafasi ya hiari zaidi ya 6, basi 9 zilizobaki ni mapambo tu katika hati yake. Zimehesabiwa, zimeandikwa, na hazimpunguzii kitu. Tena viko vyuo ambavyo havitoi krediti kabisa bali humruhusu mwanafunzi aruke somo la mwanzo na kuanza la juu yake. Hiyo ni heshima na ni faida kwa akili, lakini hesabu ya 120 yabaki palepale. Mzazi aliyeambiwa na mwanawe kwa simu kwamba mitihani imekubaliwa hana budi aulize imekubaliwa kwa maana ipi kati ya hizo.

Kuna na suala la karo yenyewe. Tuseme chuo chatoza dola 400 kwa kila krediti. Somo la krediti 3 ni dola 1,200, na mtihani wa dola 100 ukilifuta, faida yaonekana bila kalamu. Lakini vyuo vingi humtoza mwanafunzi wa kutwa kiasi kimoja kwa muhula, asome krediti 12 au asome 17. Katika chuo kama hicho kufuta somo moja hakupunguzi hata senti. Na mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo analazimishwa na sheria ya uhamiaji kusoma masomo kamili kila muhula, yaani krediti 12 kwa shahada ya kwanza katika vyuo vya mihula, na krediti za mitihani haziingii katika hiyo 12. Kwa hiyo mtoto wetu hawezi kusema, nimefaulu mitihani miwili, sasa muhula huu nitasoma kidogo nilipe kidogo. Faida yake hupatikana kwa njia moja tu: krediti za mitihani zikusanyike kiasi cha kufuta muhula mzima, karibu 15, na ziwe zimeingia mahali panapotakiwa. Zikiwa 9, huenda ameokoa nguvu, hakuokoa fedha.

Mwaka uliopita tuliona jambo hili kwa macho yetu. Binti mmoja aliyesaidiwa na mfuko huu alianza katika chuo kidogo cha miaka miwili, kwa busara, kwa kuwa karo yake ni nafuu. Humo akafanya mitihani minne ya CLEP akashinda yote, na chuo kikamwandikia krediti 12. Alipohamia chuo kikuu ili amalizie shahada, aliamini kwamba hati ya chuo cha kwanza yatosha. Chuo kikuu kilimjibu kwamba masomo aliyoyasoma darasani yamekubaliwa, lakini krediti za mitihani hakizipokei kwa mkono wa chuo kingine; alete alama kutoka kwa watoaji wa mtihani wenyewe, nao wataziangalia upya kwa jedwali lao. Alama zilipofika, mtihani mmoja hawakuutambua, na katika wa pili walitaka alama ya juu kuliko aliyoipata. Zikabaki krediti 6, nazo zikaingizwa katika hiari. Baba yake, ambaye ni mwanachama wa miaka mingi, alikuwa amekwisha kupanga nyumbani kwamba muhula wa mwisho hautakuwako. Ng'ombe wawili waliuzwa, na binti akafanya kazi usiku likizo nzima. Amemaliza, twamshukuru Mungu, lakini amemaliza kwa miaka minne kamili.

Hatumtaji kwa kumwaibisha. Twamtaja kwa sababu hakufanya jambo baya, mitihani aliishinda. Desturi ya vyuo vingi ndiyo hiyo: krediti za darasani huhama pamoja na hati ya chuo, na krediti za mtihani hupimwa upya kila mwanafunzi anapohama. Kwa hiyo mtoto anayekusudia kuhama, na wetu wengi hukusudia, asitazame jedwali la chuo alicho nacho leo. Atazame la kile atakachomalizia. Alama zenyewe hazipotei haraka. Za CLEP hutunzwa miaka 20, na zaweza kutumwa tena kwa ada ndogo.

Kuna vikwazo vingine tutakavyovipita kwa haraka. Chuo huweka kiasi cha krediti ambazo lazima zisomwe kwake chenyewe, mara nyingi robo ya shahada au zaidi. Aliyepewa krediti kwa mtihani kisha akalisoma somo lilo hilo darasani hunyang'anywa ile ya kwanza, hahesabiwi mara mbili. Krediti ya mtihani haiingii katika wastani wa alama, kwa hiyo haimwinui aliye chini wala haimshushi aliye juu. Na anayetaka udaktari ajue kwamba skuli nyingi za udaktari hazipendi kuona mtihani mahali pa biolojia au kemia. Hutaka masomo ya darasani na maabara.

Wako walimu huko wanaoipinga mitihani hii, na haifai tuyafiche maneno yao. Chuo cha Dartmouth katika New Hampshire kiliamua mwaka 2012 kuacha kutoa krediti kwa AP kwa wanafunzi wa kuingia kuanzia 2014. Kabla ya hapo idara yake ya saikolojia ilikuwa imewajaribu kwa mtihani wake yenyewe wanafunzi waliopata 5, alama ya juu kabisa, na walio wengi sana hawakulipita. College Board haikuridhika na jaribio hilo, na mabishano hayo hayajesha. Sisi twaona pande zote mbili zina haki kidogo. Mtihani wa siku moja haupimi yote yafundishwayo kwa majuma 15, hasa kuandika kwa urefu na kujibizana na mwalimu. Walakini haistahili mtu mzima aliyetunza vitabu vya hesabu za duka miaka kumi akalishwe na vijana wa miaka 18 kufundishwa maana ya mapato na matumizi, tena alipe dola elfu kwa kufundishwa hivyo. Kwa watu kama hao, na tunao ndugu zetu wengi Marekani wanaofanya kazi za kuuguza wazee usiku na kusoma mchana, CLEP ni msaada wa kweli. Mmoja asomaye kwa muda na kulipa kwa kila krediti apata faida ambayo kijana wa kutwa haipati, na tena hafungwi na sharti lile la viza ikiwa ana ukaazi.

Na sasa jambo ambalo wazee wengi watalifurahia. Katika CLEP lugha za kigeni ni Kifaransa, Kijerumani na Kihispania tu, na AP haina Kiswahili. Lakini liko shirika la walimu wa lugha, ACTFL, lenye mtihani wa mazungumzo katika lugha nyingi, na Kiswahili ni mojawapo. American Council on Education limeshauri krediti zitolewe kwa madaraja ya mtihani huo. Vyuo vingi vya Marekani humtaka mwanafunzi asome lugha ya kigeni mwaka mmoja au miwili, nayo ni krediti zinazotakiwa hasa, si za hiari. Mtoto aliyekua akisema Kiswahili sanifu, akakisoma kwa miaka ya shule ya msingi na sekondari, ameshika mkononi kitu chenye bei. Tahadhari ni mbili. Vyuo vingine havimpi krediti mtu kwa lugha aliyozaliwa nayo, ila humsamehe sharti lenyewe, jambo ambalo nalo laweza kumfungulia nafasi ya somo jingine. Na la pili, mtihani huo hupima usemi uliopangika, maelezo, hoja, masimulizi ya mambo yaliyopita na yajayo. Kijana aliyezoea kuchanganya lugha tatu katika sentensi moja, kama wafanyavyo wengi mjini, atashangaa daraja atakalopewa. Twawaomba akina mama na akina baba wasicheke Kiswahili cha shuleni.

Katika halmashauri yetu yenyewe hatukuwa na moyo mmoja tangu mwanzo. Wenzetu wawili walishika kwamba mfuko usilipe mitihani ya namna hii hata kidogo. Mtoto aliyepelekwa mbali kwa gharama kubwa asome miaka yake yote, asiharakishe, maana wazee waliomchangia walimtuma kupata elimu, si kupata hati. Walikumbusha habari za vijana 81 waliosafirishwa kwa ndege Septemba mwaka 1959 kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani, na za wale waliofuata mwaka 1960, akiwamo Wangari Maathai, aliyesoma Kansas miaka minne na kuhitimu mwaka 1964. Hao, walisema, walikaa darasani. Hoja hii tuliisikiliza kwa heshima. Lakini wengi wetu tuliona kwamba wakati ule wafadhili walikuwa wakibeba mzigo mkubwa wa nauli na masomo, na leo mzigo uko juu ya mabega ya wanachama, wengi wao wakiwa wamestaafu. Muhula mmoja uliookolewa kwa haki ni karo ya mtoto mwingine hapa nyumbani kwa miaka.

Kwa hiyo tumekubaliana juu ya pendekezo ambalo twaliweka mbele yenu. Mfuko ulipe ada ya mitihani hii kwa mtoto wa mwanachama, lakini si kabla mzazi hajaleta jedwali la mwaka huu la chuo ambacho mtoto atamalizia shahada yake, lionyeshalo alama inayotakiwa na krediti zitolewazo. Pamoja nalo alete maandishi kutoka kwa mshauri wa masomo wa chuo hicho, hata kama ni kwa barua pepe, yanayosema mtihani ule utafuta somo lipi katika mpango wa mtoto. Neno hiari likionekana peke yake, halmashauri itauliza zaidi. Tena aeleze kama chuo chatoza kwa krediti au kwa muhula. Wanaosoma kwa muda huku wakifanya kazi wapewe nafasi ya kwanza, kwa sababu tuliyokwisha kuitaja. Na fedha zilipwe kwa mwenye kituo cha mtihani, zisipite mkononi mwa mtu.

Wazazi wenye watoto shuleni hapa wanaotaka AP wakumbuke kwamba ingawa mtihani ni wa Mei, shule ziuandaazo huagiza karatasi zake mwezi wa Novemba uliotangulia, na si kila shule humpokea mtoto wa nje. Kwa hiyo maombi yao yatufikie kabla ya mwisho wa Septemba. Ya CLEP na ya mtihani wa Kiswahili yatapokelewa wakati wo wote, na mtahiniwa asisahau kwamba jina lililo katika pasipoti lifanane herufi kwa herufi na lile alilojiandikishia chuoni, maana tumekwisha kuona alama za mtoto zikikaa miezi miwili bila mwenyewe kwa ajili ya jina la babu lililoachwa. Karatasi za maombi ziko kwa Katibu, mezani pale mlangoni.

Bwana Mwenyekiti, pendekezo liko mbele ya mkutano.